Haba na haba hujaza kibaba, hata maabarani

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mtu anayefuja fedha, akashauriwa kuweka shilingi moja leo na nyingine kesho. Leo naomba kuitoa sokoni na kuiingiza maabarani, kwa kuwa naamini kwamba huko nako inahitajika sana. Dai langu ni hili: maradhi mengi hutuponyoka si kwa sababu hatuna macho makali ya kuyaona, bali kwa sababu hatujazoea kuvikusanya vitu vidogo mahali tunapoweza kuviona. Na nyenzo ya kukusanyia tunayo. Ni umeme ule ule ambao kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa.

Tuanze na kitu ambacho kila mzazi anakijua. Mtoto akipatwa na homa hupelekwa zahanati, akadungwa kidole, na tone la damu likatiwa katika kipimo cha haraka cha malaria. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini mstari mwekundu huonekana, au hauonekani. Ni wachache wanaojua kwamba wekundu ule aghalabu ni dhahabu. Naam, dhahabu ile ile ya pete na vidani, ila imetengenezwa ikiwa chembe ndogo mno, zenye upana wa nanomita 40 hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi, kwa hiyo chembe 2,000 za dhahabu hiyo zaweza kupangwa bega kwa bega juu ya upana wa unywele mmoja. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho huiacha rangi yake ya manjano ikawa nyekundu.

Kila chembe imevikwa kingamwili, ambayo kazi yake ni kama ya ndoana: huinasa protini ya kimelea cha malaria. Chembe zilizokwisha kuinasa protini hiyo husafiri na majimaji ndani ya karatasi, na zikipita penye mstari hunaswa na kingamwili nyingine zilizopachikwa pale. Zikinaswa nyingi, twauona mstari. Zikinaswa chache, twaambiwa hakuna ugonjwa, ingawa dhahabu kidogo ipo pale na imebeba ushahidi.

Hapo ndipo penye hatari. Shirika la Afya Duniani, lilipokuwa likivijaribu vipimo vya aina hii, lilitumia sampuli zenye vimelea 200 katika kila mikrolita ya damu kuwa kiwango cha chini ambacho kipimo chema hakina budi kukiona. Hebu tufanye hesabu. Mtu mzima ana lita tano hivi za damu, yaani mikrolita milioni tano. Akiwa na vimelea 50 tu katika kila mikrolita, mwilini mwake mna vimelea milioni 250, na bado kipimo chaweza kumwambia kwamba ni mzima. Kifua kikuu nacho kina kisa kama hicho. Hadubini huhitaji karibu bakteria 10,000 katika kila mililita ya makohozi kabla ya kutegemewa kumtambua mgonjwa. Mwenye 3,000 yamkini atarudi nyumbani na karatasi ya kumtakasa, akaendelea kukohoa darasani, kanisani, msikitini na ndani ya matatu.

Jibu ambalo dunia imelizoea ni kutafuta jicho kali zaidi. Mabilioni ya fedha yametumiwa kubuni vihisi vinavyoweza kuitambua hata molekuli moja. Sivipingi. Lakini jicho, hata likiwa kali namna gani, huona tu kile kilichofika mbele yake. Mwaka 2005 watafiti wawili wa maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani, Paul Sheehan na Lloyd Whitman, walionyesha kwa hesabu kwamba kihisi kidogo mno kikiachwa kingojee molekuli chache zijiendee zenyewe, kitangoja kupita kiasi. Kikwazo si ukali wa kihisi. Kikwazo ni safari.

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili ubaoni. Chembe iliyo majini hugongwagongwa na molekuli za maji pande zote, ikayumbayumba bila mwelekeo. Huo ndio mwendo alioueleza Robert Brown mwaka 1827 na ambao Albert Einstein aliukokotoa mwaka 1905. Kwa fomyula hiyo ya Einstein, chembe ya dhahabu ya nanomita 40 katika maji yaliyotulia huchukua dakika nane hivi kusogea sehemu moja ya kumi ya milimita. Kusogea milimita moja nzima huichukua zaidi ya saa kumi na mbili, kwa sababu umbali ukizidi mara kumi, muda huzidi mara mia. Milimita moja! Ni mgonjwa yupi atakayeketi kwenye benchi la zahanati kutwa nzima akiingojea chembe ivuke milimita moja?

Wavuvi wa omena wa Ziwa Viktoria walilitatua fumbo la namna hii zamani. Omena ni samaki mdogo, na ziwa ni kubwa. Mvuvi mwenye busara hazunguki ziwa zima akitupa wavu. Usiku wa giza huwasha taa juu ya maji, akasubiri. Omena hujikusanya penye mwanga, naye huchota. Wavu wake ni ule ule wa jana. Kilichobadilika ni kwamba samaki wameitwa. Ninalotaka kulisema ni kwamba uga wa umeme waweza kuwa taa ya namna hiyo kwa chembe za nano.

Uga huitaje? Mwanafunzi, chukua kichana cha plastiki, ukisugue kwenye nywele kavu, kisha ukisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vitaruka vikakishika. Sote tumeliona hilo, nami naona kuwa ni ajabu inayodharauliwa kwa kuwa ni ya bure. Jiulize: karatasi haina chaji, basi ni nini kilichoivuta? Uga wa umeme wa kichana huzitenganisha kidogo chaji zilizomo ndani ya karatasi, chanya zikaelekea upande mmoja na hasi upande wa pili. Upande ulio karibu na kichana huvutwa, na ulio mbali husukumwa. Lau uga ungekuwa na nguvu sawa kila mahali, mvuto na msukumo huo vingelingana, mfano wa timu mbili zilizotoshana nguvu zikivutana kamba, na karatasi isingeondoka mahali pake. Lakini uga wa kichana ni mkali karibu na hafifu mbali. Kwa hiyo upande wa karibu hushinda, na karatasi hukimbilia kule kwenye uga mkali.

Mmarekani Herbert Pohl aliichunguza kani hii katika vimiminiko, na mwaka 1951 akaipa jina la dielektroforesi. Jina ni refu lakini jambo lenyewe ni lile la kichana na karatasi. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Ira Hawk waliitumia kutenganisha seli hai za hamira na zile zilizokufa. Waliweza kwa sababu kitu kilicho majini huvutwa kwenye uga mkali ikiwa kinaathirika na umeme kuliko maji yanayokizunguka, na husukumwa mbali ikiwa kinaathirika kidogo kuliko maji. Seli hai na seli mfu haziathiriki sawa.

Fauka ya hayo, kani hii hufanya kazi hata kwa mkondo geu. Umeme ukigeuzwa mara elfu au mara milioni kwa sekunde, mvuto haubadili mwelekeo, kwa maana uga ukigeuka, chaji za ndani ya chembe nazo hugeuka pamoja nao. Hili lina manufaa makubwa, kwani mkondo usiogeuka huyachambua maji yakatoa viputo na kuharibu kazi. Tena, kwa kubadilisha kasi ya kugeuka, mtaalamu huweza kuchagua ni chembe zipi zije na zipi ziende.

Sasa msomaji makini atauliza: kama ni rahisi hivyo, mbona haikufanywa siku zote? Kizuizi ni udogo wenyewe. Kani hii hufuata mchemraba wa upana wa chembe. Chembe ikiwa ndogo mara kumi, kani hupungua mara elfu. Seli ya hamira ina upana wa nanomita 4,000 au zaidi. Chembe yetu ya dhahabu ni ndogo kuliko hiyo mara mia, na kwa makadirio, katika uga ule ule, kani inayoivuta ni ndogo mara milioni moja. Wakati huo huo molekuli za maji zaendelea kuigongagonga. Ni kama kumwita mtoto kwa mnong'ono katikati ya gulio.

Dawa iliyopatikana haikuwa umeme mwingi, bali umeme uliobanwa. Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Ukiziunganisha ncha zake na elektrodi mbili zilizotengana kwa mikromita moja, yaani nanomita 1,000, unapata uga wa volti milioni 1.5 kwa mita, ambao ni kama nusu ya ule unaotosha kupasua hewa kavu ikatoa cheche. Na elektrodi zikichongwa ncha au ukingo mwembamba, uga hubadilika ghafla kutoka ukali hadi unyonge, na mabadiliko hayo ndiyo yanayovuta. Katika miaka ya tisini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, akiwemo Hywel Morgan na Nicolas Green, walitumia elektrodi ndogo za namna hii kunasa chembe za plastiki na virusi vinavyoshambulia tumbaku. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitumia ukingo wa grafini, ambayo ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu, wakanasa chembe za nano na DNA kwa umeme wa chini ya volti moja. Betri ya saa ya ukutani ingetosha na kubaki.

Mwaka huo huo wa 2017 watafiti wa San Diego, katika jimbo la California, waliukusanya ushahidi wa saratani ya ubongo kwa njia hii. Seli zetu hutoa vifuko vidogo mno, vyenye upana wa nanomita kati ya 30 na 150 hivi, na vifuko vya seli ya saratani hubeba alama zake. Watafiti hao walivikusanya kutoka plazma ya damu isiyozimuliwa, kiasi kisichozidi tone moja, wakavitambua papo hapo, kazi yote ikaisha katika muda wa chini ya nusu saa. Desturi ya maabara ya kuvipata vifuko hivyo kwa mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa huchukua saa nyingi.

Iko pia njia iliyo nduguye hiyo, iitwayo isotakoforesi, inayotumia chembe zenye chaji. Chembe hubanwa kati ya maji mawili ya chumvi tofauti, moja likienda mbio mbele na jingine likivuta miguu nyuma, zikasongamana katikati kama kondoo wapitao penye lango jembamba. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle waliitumia juu ya karatasi ya kipimo cha haraka, ndugu wa kile cha zahanati zetu. Uwezo wa kipimo kuona ukaongezeka karibu mara mia. Nakuomba uipime hoja hiyo, msomaji. Jicho halikunolewa. Mstari ulikuwa ule ule na kingamwili zile zile. Kilichoongezwa ni mwito.

Sitaki nionekane kama mchuuzi anayeisifu bidhaa yake bila kuzitaja kasoro zake. Damu ina chumvi, na chumvi hupitisha umeme, umeme hupasha joto, na joto huyatibua maji yakavikokota vile ulivyokusudia kuvinasa. Watafiti wa San Diego walilazimika kuzifunika elektrodi zao kwa utando wa jeli. Tena uga hauulizi mtu jina. Hukusanya makapi pamoja na punje. Umeme waweza kuitisha mkutano, lakini ni kingamwili inayosoma orodha ya waliohudhuria. Na viko vitu vidogo mno hata kwa njia hii. Sumu ya aflatoksini, iliyowaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kwa sababu ya mahindi yaliyoota kuvu, ni molekuli ndogo sana ambayo mvuto huu hauiwezi. Sharti kwanza ipandishwe juu ya chembe kubwa kuliko yenyewe. Mwisho, vifaa ninavyovisimulia bado ni vya maabara za utafiti zaidi kuliko vya zahanati ya kijijini.

Wako watakaoishikilia kasoro hiyo ya mwisho na kusema kwamba basi haya si yetu, tungoje Wazungu wamalize kisha tununue. Mimi nasema kinyume. Kihisi kikali kinachoitambua molekuli moja huhitaji mashine za bei isiyosemeka, na huenda tukakingoja daima. Lakini kukusanya kunahitaji betri, elektrodi zilizokaribiana na akili iliyofahamu kwa nini karatasi huruka kwenye kichana. Katika mambo hayo matatu, la tatu ndilo adimu, na hilo hatuliagizi kwa meli. Hulelewa darasani.

Nalo darasa, kwa maoni yangu, limelitenda jambo hili isivyo haki. Chini ya mtaala wa 8-4-4 mwanafunzi wa kidato cha kwanza alifundishwa umememtuamo katika sura moja na mwendo wa Brown katika sura nyingine, na hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo mawili hupigana ndani ya kila tone la maji. Alitahiniwa jinsi ya kuchaji elektroskopu, akaeleza barabara, akapata alama zake, akaisahau elektroskopu. Malaria na kifua kikuu aliviacha kwa mwalimu wa biolojia, mlango wa pili. Mtaala wa umilisi unaochukua nafasi ya ule wa zamani umeahidi kumfundisha mwanafunzi kutenda na si kukariri tu. Ahadi hiyo ni njema, lakini haitatimizwa na jina jipya peke yake.

Ningewaomba walimu wa fizikia na wa biolojia waingie darasa moja, walau kwa kipindi kimoja, wakiwa na kichana, karatasi na kipimo cha malaria kilichokwisha muda wake. Wa fizikia aeleze kwa nini karatasi huruka. Wa biolojia aeleze mstari mwekundu ni nini. Kisha wawaachie wanafunzi waulize ni vipi la kwanza laweza kulisaidia la pili. Wanafunzi wa madarasa ya juu wapewe hesabu ya milimita moja na saa kumi na mbili waifanye wenyewe. Na shule zinazojiandaa kwa maonyesho ya sayansi zijue kwamba seli za hamira zaweza kusogezwa kwa elektrodi zilizochorwa kwenye vibao vya shaba kama vile vilivyomo ndani ya redio. Hamira yauzwa dukani. Redio mbovu haikosekani katika kijiji chochote. Kinachokosekana ni mwalimu aliyeruhusiwa kutoka nje ya kitabu kwa saa mbili.

Kwa wasimamizi wa vyuo vikuu vyetu nina neno moja tu. Mnapogawa fedha za utafiti, msimwone anayetaka kukusanya kuwa ni mtu wa kazi duni kuliko anayetaka kuona. Anayepepeta mpunga hastahili heshima ndogo kuliko anayeupika.

Natamani siku moja nilione swali hili katika mtihani wa taifa: mgonjwa ana bakteria 3,000 katika kila mililita ya makohozi, na hadubini yahitaji 10,000, utafanyaje? Jibu ambalo wagonjwa wengi wamekuwa wakilipata bila kuambiwa waziwazi ni kwamba warudi watakapozidiwa. Mwanafunzi atakayeandika kwamba bakteria hao wakusanywe kwanza, kisha akaeleza kwa mchoro jinsi ya kuwakusanya, huyo apewe alama zote.